Saa za Nchi Kavu: Alaska kwa Meli ya Watalii

Juneau ni makao makuu ya jimbo la Alaska, lakini hakuna barabara inayouunganisha mji huo na miji mingine ya Marekani wala ya Kanada. Mbele yake ni bahari, mgongoni ni milima iliyosimama wima, na nyuma ya milima hiyo umetanda uwanda wa barafu wa kilomita za mraba zipatazo 3,900. Mtu huingia kwa ndege au kwa maji. Kuanzia Aprili hadi Oktoba wengi huja kwa maji: mwaka 2023 mji huu wenye wakazi wapatao 32,000 ulipokea zaidi ya abiria milioni 1.6 wa meli za watalii.

Meli hufunga gati katikati ya mji. Ngazi ikishateremshwa, watu hushuka kwa maelfu, kila mmoja na kadi ya chumba mfukoni na saa ya kurudi kichwani. Atakayechelewa ataiona meli ikiondoka, na kwa kuwa barabara hakuna, itambidi aifuate kwa tiketi ya ndege.

Nilipanda meli ya namna hiyo Seattle, kwa safari ya kwenda na kurudi. Matangazo ya safari hizi hunadi mambo ya ndani: mabwawa ya kuogelea, kumbi za muziki, migahawa inayofanya kazi hadi usiku wa manane. Yote yapo, na ni mazuri. Lakini Alaska haiko melini. Iko katika zile saa tano, nane au kumi ambazo meli imetulia gatini, na msafiri anayetaka kuiona kweli huzihesabu saa hizo kabla hajauliza bei ya chumba.

Kuzihesabu kunahitaji kujua zinatoka wapi. Ratiba ya Alaska imechorwa na bahari, na pia imechorwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1886. Sheria hiyo inazikataza meli za bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Meli kubwa za watalii karibu zote zimesajiliwa nje ya Marekani, kwa mfano Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Kwa hiyo meli inayotoka Seattle na kurudi Seattle lazima ipite Kanada, na mara nyingi hupita Victoria usiku wa mwisho, kwa saa chache tu, ili kutimiza sharti. Kanada ilipofunga bandari zake wakati wa Korona, Bunge la Marekani lililazimika kupitisha sheria maalumu Mei 2021 ndipo meli zikaweza kurudi Alaska.

Njia kuu ni mbili. Meli za Seattle hurudi zilikoanzia, jambo linalopunguza gharama ya ndege, lakini nyingi hupita upande wa nje wa Kisiwa cha Vancouver, kwenye Pasifiki iliyo wazi ambako mawimbi hayana kizuizi. Meli zinazotoka jiji la Vancouver hupita katikati ya visiwa, kwenye maji tulivu, na baadhi yake huishia Seward au Whittier, ambako abiria anaweza kuendelea kwa treni hadi ndani ya Alaska. Mtu anayetapika kirahisi baharini, au anayesafiri na mzee, atafanya vyema kuitazama njia hiyo ya pili hata kama nauli imezidi kidogo.

Kwa msomaji mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo, hapa pana jambo la kushughulikia miezi mingi kabla. Meli ikishagusa Victoria, abiria ametoka Marekani hata kama hakushuka, na Seattle anaingia upya. Viza ya Marekani inayoruhusu kuingia mara moja tu huenda isitoshe, na viza ya Kanada nayo inahitajika. Wenye ukaazi wa kudumu Marekani husamehewa viza ya Kanada wakiwa na pasipoti halali na kadi yao ya ukaazi. Wale wanaosafiri kwa hati ya wakimbizi wasikisie: waulize ubalozi wa Kanada kabla ya kulipa hata senti, kwa sababu kampuni ya meli ina haki ya kumzuia gatini asiye na karatasi kamili, na pesa hairudi.

Tukirudi Juneau, kivutio kinachovuta umati ni Mendenhall, mto wa barafu wenye urefu wa kilomita 21 unaoteremka kuelekea ziwa, kilomita kama 19 kutoka gatini. Kituo cha wageni kilijengwa mwaka 1962, na tangu 1929 ncha ya barafu imerudi nyuma kwa zaidi ya kilomita 2.5. Kando ya ziwa kuna njia tambarare inayofika Nugget Falls, maporomoko ya mita 115 ambayo mtu huyasikia kabla ya kuyaona. Kwenda na kurudi ni kilomita kama tatu, na hata mtoto wa shule ya msingi huzimudu.

Wenyeji wa Juneau wanaujua mto huo kwa upande mwingine pia. Tangu mwaka 2011, maji yanayojikusanya katika bonde lililo pembeni ya barafu huvunja njia ghafla na kuufurisha mto wa maji wa Mendenhall. Agosti 2023 nyumba zilizokuwa ukingoni zilisombwa, na Agosti ya mwaka uliofuata mamia ya nyumba yaliingiliwa na maji. Mwongozaji mzuri hulieleza jambo hilo. Ukipata anayekuonyesha tu mahali pa kupigia picha, muulize kuhusu mafuriko. Hapo ndipo mazungumzo huanza.

Idadi ya kampuni zinazoruhusiwa kupeleka wageni Mendenhall ina kikomo, hivyo nafasi huisha mapema. Basi la mji ni la bei nafuu, lakini humshusha abiria mbali na kituo, umbali wa kutembea nusu saa hivi. Mwenye saa nane Juneau anaweza kulitumia bila wasiwasi. Mwenye saa tano akate tiketi ya basi la watalii akiwa bado nyumbani.

Chaguo la pili la Juneau ni nyangumi. Boti hutoka Auke Bay, upande wa kaskazini, na karibu zote huwaona nyangumi wa nundu wakati wa kiangazi, kwa sababu wanyama hao hutoka Hawaii kuja kula huku. Sheria inaitaka boti isimkaribie nyangumi kwa chini ya mita 91. Atakayeahidi kukufikisha karibu zaidi anakuambia mapema kwamba hataiheshimu sheria, na huyo ni wa kuachwa. Nilimwona nyangumi akiinua mkia na kuzama, kisha watu wote botini wakanyamaza wakihesabu dakika hadi alipoibuka tena upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Darubini ndogo ilinifaa kuliko kamera.

Kuna pia Juneau isiyo na tiketi. Kijana wa Mombasa aliyekuwa akihudumu mezani kwetu ndiye aliyenielekeza. Wakenya wapo kwenye meli hizi, pamoja na Wafilipino, Wahindi na Waindonesia walio wengi zaidi, na wanazijua bandari kwa jicho la mtu mwenye saa mbili tu za mapumziko. "Mkubwa, maduka ya gatini waachie wenye haraka," aliniambia. "Panda lile jengo la kuegeshea magari mpaka juu kabisa. Kuna maktaba, na dirisha lake halina mfano."

Alisema kweli. Maktaba ya umma ya Juneau iko ghorofa ya juu ya jengo la magari kando ya gati, na madirisha yake yanatazama mlangobahari wote wa Gastineau. Mabaharia wengi walikuwa humo wakizungumza na jamaa zao kwa intaneti ya bure. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna jengo la Walter Soboleff, lililofunguliwa mwaka 2015, ambamo taasisi ya Sealaska Heritage huonyesha sanaa na historia ya Watlingit, Wahaida na Watsimshian, wenyeji wa asili wa pwani hii. Kando ya maji zimesimamishwa nguzo 12 za kuchongwa, zilizozinduliwa mwaka 2023, kila moja ikiwa na maelezo ya ukoo wake. Kuzitazama ni bure.

Mji huo umejadili kwa uzito ni wageni wangapi unaoweza kuwabeba. Kuanzia msimu wa 2024, Juneau na kampuni za meli walikubaliana kwamba meli kubwa zisizidi tano kwa siku. Oktoba mwaka huohuo wapiga kura walikataa pendekezo la kuzizuia meli kabisa siku za Jumamosi, lakini mji ukawa umekwisha kusaini makubaliano mengine: kuanzia 2026, nafasi za abiria zisizidi 16,000 kwa siku, na 12,000 Jumamosi. Msafiri anaweza kuitumia habari hiyo. Kalenda za bandari hutangazwa mapema na kuonyesha meli zitakazokuwepo kila siku, na siku ya meli mbili ni tofauti kabisa na siku ya meli tano, kwenye njia za Mendenhall na hata kwenye foleni ya choo.

Kaskazini ya Juneau, mwisho wa ghuba nyembamba, iko Skagway. Wakazi wake wa kudumu ni kama 1,200 tu, lakini mwaka 1897 na 1898 watu kwa maelfu walimiminika hapa wakielekea Klondike, upande wa Kanada, kutafuta dhahabu. Polisi wa Kanada hawakumruhusu mtu kuvuka mpaka bila chakula na vifaa vya mwaka mzima, mzigo wa karibu tani moja. Wengine waliubeba kwa awamu kupitia njia ya Chilkoot, wengine wakatumia farasi katika njia ya White Pass, na farasi wapatao 3,000 walikufa humo.

Reli ya White Pass ilianza kujengwa 1898 na kukamilika 1900, dhahabu ikiwa imekwisha kupungua. Leo inabeba watalii. Katika umbali wa kilomita 32 treni hupanda mita 873, ikipita kwenye kingo ambazo wajenzi walizipasua kwa baruti wakiwa wamefungwa kamba. Bandari nzima haina safari inayomfaa mtu mzima mwenye magoti mabovu kuliko hii. Behewani nilikaa karibu na mama mmoja wa Tanga, aliyeletwa safarini na binti yake anayeishi jirani na Seattle.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mimi nimekaa, milima ndiyo itembee."

Alikuwa amepanga jambo moja tu kwa kila bandari: treni Skagway, nyangumi Juneau, nguzo Ketchikan. Wajukuu walikimbia huku na kule. Yeye alirudi melini kila siku akiwa na hadithi nzima ya kitu kimoja. Mpango huo ni wa kuigwa na vijana pia. Shughuli mbili katika bandari moja hulazimisha kula ndani ya basi, na ya pili huonwa na macho yanayotazama saa.

Skagway pia ndipo panapotenganisha safari za kununua melini na za kujipangia. Ziara iliyouzwa na meli ikichelewa, meli huisubiri, au kampuni humfikisha abiria bandari inayofuata kwa gharama yake. Anayekodi mwenyewe hana dhamana hiyo. Ndani ya mji, ambako kila kitu ni cha kutembea kwa miguu, hakuna haja ya kulipia dhamana. Ofisi ya hifadhi ya kihistoria ya Klondike iko hatua chache kutoka gatini na maonyesho yake hayalipishwi. Lakini basi linalovuka mpaka hadi Yukon ni habari nyingine. Barabara ni moja, forodha ni mbili, viza ya Kanada inahitajika, na wakati wa kiangazi saa ya Yukon iko mbele ya saa ya Alaska kwa saa moja, hivyo simu hubadilika yenyewe na kumvuruga mwenyewe. Vaa saa ya mkono, iweke sawa na saa ya meli asubuhi ile, usiiguse tena hadi jioni.

Ketchikan iko kusini, na mvua yake ni karibu milimita 3,800 kwa mwaka. Koti zuri la mvua ni la lazima. Mwavuli huishia kwenye pipa la taka. Ratiba nyingi za Seattle huifikia asubuhi mapema na kuondoka mchana, na hapo ndipo haraka inapoweza kuwa hatari. Juni 2015, ndege ndogo ya kutua majini iliyowachukua abiria wanane wa meli kwenda kuona mabonde ya Misty Fjords iligonga mlima wakati wa kurudi, mawingu yakiwa chini. Wote wanane walikufa pamoja na rubani. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ililaumu uamuzi wa kuendelea kuruka katika hewa mbaya, na pia desturi ya kampuni iliyouvumilia uamuzi wa namna hiyo katika ushindani wa kibiashara. Mabonde yale ni mazuri sana kuyaona kwa juu, na siku ya jua sitamzuia mtu. Ila rubani akisema leo hatuendi, mshukuru, na uwe umekata tiketi kwa mtu anayerudisha pesa bila ubishi.

Mvua haiharibu kitu Saxman, kijiji cha Watlingit kilicho kilomita chache kutoka mjini. Nguzo zake ndefu za mti wa mwerezi hazikuchongwa ili ziabudiwe, kama wamisionari walivyodhani zamani. Hutunza nasaba, hukumbuka marehemu, husimulia tukio, na nyingine humdai hadharani mtu aliyekataa kulipa deni. Mwaka 1899 msafara wa tajiri Edward Harriman ulizichukua nguzo kutoka kijiji cha Cape Fox, ambacho watu wake walikuwa wamekihama na baadaye wakaishi Saxman, ukazigawa kwa majumba ya makumbusho ya Marekani. Zilirudishwa mwaka 2001, baada ya zaidi ya karne moja.

Mtu wa pwani ya Kenya hawezi kusikia habari hiyo bila kufikiria vigango vya Wamijikenda, nguzo za kumbukumbu ya wazee zilizoibwa na kuuzwa hadi Marekani. Baadhi yake, zilizokuwa katika jumba la makumbusho la Denver, zilirejea Kenya mwaka 2019. Nilimweleza hayo mwongozaji wetu, mwanamke wa kijiji kilekile, naye akaacha hotuba yake na kuuliza maswali: nani alikuwa na haki ya kuvipokea, na je, vimerudi kwa familia au vimeishia ghalani? Tulibaki tukizungumza hadi basi lilipopiga honi. Akanionyesha pia alama ya mkono wa fedha, nembo ya jimbo inayobandikwa kwenye kazi ya msanii wa asili wa Alaska. Kinyago kisicho nayo kinaweza kuwa kimetoka kiwandani bara jingine kabisa.

Siku moja ya safari haina bandari. Glacier Bay ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku, hakuna anayeshuka. Askari wa hifadhi hupanda melini kwa boti asubuhi na kueleza kwa kipaza sauti. Mwaka 1794, wapima ramani wa Kapteni Vancouver walikuta ghuba imezibwa na barafu karibu yote. Mwanamazingira John Muir alipofika 1879, barafu ilikuwa imerudi nyuma kwa zaidi ya kilomita 45. Kufikia 1916 ilikuwa imerudi karibu kilomita 100. Kabla ya yote hayo, Watlingit wa Huna waliishi humo humo, hadi barafu ilipowasukuma nje katikati ya karne ya 18 wakahamia Hoonah. Agosti 2016 walirudi kuizindua nyumba yao ya ukoo huko Bartlett Cove, iliyojengwa kwa ushirikiano na hifadhi iliyowahi kuwawekea mipaka katika uwindaji na uvuvi wao.

Kwa siku hii, fanya mambo matatu. Amka kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana sitaha za mbele hujaa. Vaa nguo za tabaka, na glavu. Na usikimbilie upande mmoja meli ikifika Margerie, mto wa barafu wenye upana wa kilomita 1.6 unaoishia baharini: nahodha huigeuza meli taratibu ili pande zote zipate zamu. Kipande cha barafu kikimeguka, sauti humfikia mtu baada ya macho, nzito kama radi.

Fedha nayo ipangwe. Bakshishi ya wahudumu hutozwa kila siku kwa kila abiria, na kwa kampuni nyingi huwa karibu dola 16 hadi 20. Ijumlishwe kwenye bei tangu mwanzo. Safari za helikopta hugharimu mamia ya dola, kwa hiyo familia ya watu wanne huchagua moja au huacha. Bima ya matibabu inayolipia kusafirishwa kwa ndege isipunguzwe, kwa sababu hospitali kubwa ziko mbali na maji haya.

Hatimaye Victoria, ile bandari ya sheria ya 1886. Meli nyingi hufika saa mbili usiku na kuondoka karibu saa sita. Abiria wengi huwa wanafunga mizigo na hawashuki. Lakini mwezi Juni na Julai mwanga bado upo saa tatu usiku, na kutoka gati la Ogden Point hadi bandari ya ndani ni mwendo wa dakika kama 30, kando ya bahari. Jengo la bunge la jimbo huwashwa taa zaidi ya 3,000, wapiga muziki huwa bado wako ukingoni, na mikahawa ya samaki haijafungwa. Wanaopenda maua hupanda basi hadi bustani ya Butchart, kilomita kama 23 nje ya mji, jioni zile ambazo ratiba inaruhusu. Kabla ya kulipia safari yoyote ya Seattle, basi, mwombe wakala karatasi yenye saa ya kufika na saa ya kuondoka kwa kila bandari, ukiwemo mji huu. Kati ya meli mbili za bei moja, tofauti ya saa kumi na mbili za nchi kavu si ajabu.